Sheikh Al-Amin Mazrui na watoto wanaokatiza masomo Oldonyiro

Ukitaja ukoo wa Mazrui mbele ya vijana wetu wa leo, wengi watamkumbuka Profesa Ali Mazrui, aliyefundisha Makerere na Marekani, akafariki mwaka 2014. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, wanamjua wachache, na wengi wa hao wachache wanamjua kwa cheo tu, kwamba aliwahi kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki mwaka 1947, na waliokaa mkekani mbele yake kusoma karibu wote wametutangulia. Leo nataka kumzungumzia, na si kwa ukadhi wake. Nataka kumzungumzia kwa sababu ya jambo moja lililomkera tangu ujana wake: watoto wa watu wake walikuwa wanaachwa nyuma katika elimu, na wazazi wao walikuwa wanatazama tu.

Jambo hilo nalikuta kila muhula mahali ambapo hapafanani kabisa na Mombasa ya Sheikh. Mimi ni mwalimu wa diploma, mtu wa Pwani, na kazi imenileta Oldonyiro, magharibi mwa kaunti ya Isiolo, upande unaopakana na Samburu na Laikipia. Watu wa hapa ni wafugaji, wengi wao Wasamburu na Waturkana. Mbuzi, ng'ombe na ngamia ndio benki, ndio mahari, ndio chakula. Soko la mifugo likiwa limechangamka, mji mzima uko huko, na madawati ya darasani huhesabika. Msomaji atauliza Oldonyiro inatuhusu nini sisi watu wa baharini. Nitafika huko, lakini kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Yatima katika nyumba ya elimu

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake ndio uliotawala Mombasa kabla ya kuangushwa na Seyyid Said wa Oman mwaka 1837. Baada ya utawala kuwatoka, baadhi ya Mazrui waligeukia elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mmoja wa maulamaa wakubwa wa mwambao wakati wake. Alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu hivi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kulijua kuhusu mtu huyu ni kwamba alikuwa yatima. Angeweza kupotea kama yatima wengi wanavyopotea. Hakupotea kwa sababu jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, alimchukua akamlea na kumsomesha. Alipoiva kwa kiasi cha Mombasa, akavuka bahari hadi Unguja. Huko walikuwapo Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wanafunzi walikuwa wakisafiri kutoka Lamu, Ngazija na kwingineko kuja kuwasikiliza. Alikaa nao, akachukua alichochukua, akarudi.

Ningependa wazazi walitazame hilo kwa makini. Tunapomsifu mwanachuoni tunasifu akili yake, na akili alikuwa nayo. Lakini kabla ya akili palikuwa na mlezi aliyekubali kubeba mzigo wa mtoto asiye wake, na palikuwa na mji wa pili uliokuwa tayari kumpokea alipomaliza cha kujifunza katika mji wa kwanza. Bila mlezi na bila mahali pa kuendelea, akili ya mtoto yatima wa mwaka 1894 ingeishia kibarazani.

Alichokiona Mombasa

Aliporudi alikuta mji unaobadilika haraka. Reli ya Uganda ilikuwa imeshajengwa, bandari inakua, serikali ya Waingereza inataka makarani, wakalimani na mafundi. Kazi hizo zilihitaji mtu aliyepita shule. Shule nyingi wakati huo zilikuwa za wamisionari, na Mwislamu wa Mombasa aliogopa kumpeleka mwanawe huko asije akarudi na dini nyingine na jina jingine. Serikali ilifungua shule ya Waarabu Mombasa mwaka 1912, lakini hata hiyo wazazi wengi waliitilia shaka, kwa kuwa waliona dini na Kiarabu havikupewa nafasi yake. Wengi wakaona salama ni kumwacha mtoto amalize juzuu zake chuoni, kisha aingie sokoni au aende na jahazi.

Hofu ile haikuwa upumbavu, na Sheikh hakuidharau. Yeye mwenyewe alikuwa na shaka na shule za wamisionari, na aliyasema hayo waziwazi. Lakini aliona pia kwamba hofu peke yake haimjengi mtu. Mtoto aliyezuiwa shule kwa ajili ya kulindwa alikuwa anakua bila elimu ya dunia, na mara nyingi hata ile ya dini aliisoma bila kuielewa. Analindwa na nini, basi?

Wakati huo alikuwa akisoma jarida la Al-Manar lililotolewa Cairo na Rashid Rida, pamoja na fikra za Jamaluddin Afghani na Muhammad Abduh. Wanachuoni hao walikuwa wakishikilia kwamba Uislamu haugombani na sayansi, na kwamba Waislamu wamedhoofika kwa kuacha kujifunza. Sheikh Al-Amin alizichukua fikra hizo akazileta kwenye baraza za Mombasa, kwa watu wasiosoma Kiarabu na wasioijua Cairo.

Karatasi ndogo ya Kiswahili

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko cheo chochote alichopata baadaye. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Halikudumu sana. Lakini makala za Sahifa zilikusanywa zikatolewa kama kitabu, Uwongozi, mwaka 1944, na zikaendelea kusomwa.

Fikirini uamuzi huo ulikuwa na maana gani. Desturi ya maulamaa wakati ule ilikuwa kuandika mambo mazito kwa Kiarabu. Mwanachuoni akiandika kwa Kiarabu anasomwa na wanachuoni wenzake, na heshima yake inapanda. Sheikh Al-Amin alikuwa na Kiarabu cha kutosha, na historia ya ukoo wake wa Mazrui aliiandika kwa lugha hiyo. Lakini alipotaka kumfikia muuza samaki, fundi seremala na mama wa nyumbani, aliandika kwa lugha wanayotumia kununulia chumvi, na kwa herufi walizofundishwa chuoni wakiwa watoto. Aliandika pia vitabu vya kufundishia watoto dini, vifupi na vyepesi, akaanza tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ambayo mauti yalimkuta hajaimaliza.

Na alichoandika hakikuwa cha kubembeleza. Aliwakemea matajiri wanaoteketeza mali kwa harusi na sherehe huku watoto wao hawana elimu. Aliwakemea wavivu wanaojivunia nasaba na babu zao. Aliwakemea wanaoiga mavazi na tabia za Wazungu bila kuiga bidii yao ya kazi na kusoma. Alisema kwamba msichana naye ana haki ya kuelimishwa, jambo ambalo mwaka 1930 halikupendeza masikio mengi. Baadhi ya wanachuoni wenzake walimpinga vikali, hasa alipogusa mila na desturi walizozoea. Hakunyamaza, lakini pia hakuwakimbia watu wake akaenda kuishi na wanaokubaliana naye.

Mwaka huohuo wa 1932 aliteuliwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alishika kazi hiyo mpaka alipofariki mwezi wa Aprili 1947. Alikuwa na umri wa miaka 56. Allah amrehemu.

Mtoto aliyepata daraja la tatu

Alipofariki aliacha mtoto wa miaka 14 aitwaye Ali. Sheikh alikuwa amemtamania mwanawe asome Al-Azhar awe mwanachuoni wa dini. Haikuwa hivyo. Ali alifanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu, na daraja hilo halikumfikisha Makerere. Kwa hesabu ya siku zile, na ya siku hizi pia, safari yake ya masomo ilikuwa imekwisha.

Lakini Mombasa ilikuwa imepata Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, MIOME, iliyojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ali alipata kazi ya ukarani hapo. Akawa karani, lakini karani ndani ya nyumba ya elimu. Gavana Philip Mitchell alimsikia akihutubia kwenye Maulidi, akapendezwa naye, na jambo hilo likamfungulia njia. Mwaka 1955 alikwenda Huddersfield, Uingereza, kumalizia masomo ya sekondari. Akapata digrii Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966.

Watu huisimulia habari hii kama muujiza wa mtu mmoja. Mimi naiona kama habari ya mlango uliobaki wazi. Kijana aliyepata daraja la tatu hakurudishwa nyumbani moja kwa moja. Palikuwa na mahali pa kushika wakati anatafuta njia. Baba naye, miaka mingi nyuma, alikuwa yatima aliyepata mlezi. Katika nyumba hiyo moja, mara mbili, mtoto aliyekuwa ukingoni aliokolewa kwa sababu mtu mzima fulani alikuwapo wakati unaofaa.

Sasa turudi Oldonyiro

Hapa nilipo, mtoto hakatizi masomo kwa siku moja. Huanza kidogo kidogo. Jamaa yenye watoto watano huamua mapema ni yupi wa shule na ni yupi wa mbuzi. Yule wa shule husoma vizuri mvua ikinyesha. Ukame ukija, kama ule mrefu ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kupitisha misimu mitano bila mvua ya kutosha, mifugo husogezwa mbali, na mikono yote huhitajika. Mvulana huondoka na mifugo wiki mbili. Wiki mbili huwa muhula. Akirudi, wenzake wamefika mbali, naye amekuwa mrefu kuliko dawati. Hutazama dirishani, kisha siku moja hayupo. Wengine huchukuliwa na umorani, na moran kukaa darasani na watoto wadogo ni aibu kwake.

Msichana ana njia yake fupi zaidi. Akikeketwa, watu wengi humhesabu kuwa amekuwa mke. Sheria ya mwaka 2011 inakataza ukeketaji, na ndoa ya mtoto ni kosa, lakini sheria iko Isiolo mjini na manyatta iko mbali. Mara nyingi mwalimu husikia habari baada ya mahari kutolewa.

Na kuna usalama. Ukisikia mifugo imeibwa usiku, usitarajie darasa kujaa asubuhi.

Wenzangu wengi waliotoka mijini huyaona haya wakasema watu hawa hawapendi elimu. Mimi nilipoyasikia maneno hayo nilihisi nimeyasikia mahali. Ndiyo yaliyosemwa na serikali ya kikoloni kuhusu Waislamu wa Pwani. Hawapendi shule, wamezoea uvivu, dini yao inawarudisha nyuma. Na jawabu la Sheikh Al-Amin linafaa hapa kama lilivyofaa kule: tafuta kwanza mzazi anaogopa nini.

Mfugaji wa Oldonyiro anaogopa mambo mawili, na yote mawili yana ushahidi. Anaogopa kumpoteza mchungaji, na mchungaji kwake si kitu cha ziada, ni nusu ya uchumi wa nyumba. Tena anaogopa kwamba mtoto akisoma hatarudi, au akirudi atakuwa hajui mifugo na hana kazi, yaani hafai huku wala kule. Ameona vijana wa namna hiyo wamekaa mjini Isiolo na cheti mfukoni. Mzazi wa Mombasa wa mwaka 1920 aliogopa dini ya mtoto. Mzazi wa Oldonyiro anaogopa mifugo na jina la ukoo. Wote wawili waliambiwa wachague kati ya mtoto wao na shule, na wote wawili walichagua mtoto.

Kazi ya Sheikh ilikuwa kuuondoa uchaguzi huo. Alitaka mtoto apate elimu ya dini na ya dunia pamoja, abaki mwana wa watu wake na awe na ujuzi. Kwetu hapa maana yake ni nini?

Kwanza, shule imfuate mfugaji. Serikali ina Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamahamaji, na sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 ndiyo iliyolitambua. Katika nchi ya Wasamburu kumekuwapo masomo ya jioni kwa watoto wachungaji, yanayoitwa lchekuti, mtoto anachunga mchana na kusoma mbuzi wakishalala. Mambo hayo yasiwe ya mradi wa wafadhili unaokufa pesa zikiisha. Yawe na walimu wanaolipwa kama walimu wengine.

Pili, chakula na bweni. Hili halihitaji falsafa. Shule ikipika mchana, watoto wapo. Chakula kikikatika, wanapungua wiki hiyohiyo. Katika ukame, sahani ya githeri ndiyo inayomshawishi mzazi kuliko hotuba ya afisa yeyote, kwa sababu inampunguzia mdomo mmoja nyumbani.

Tatu, tuzungumze na wazazi kwa lugha yao. Mikutano ya shule tunaiendesha kwa Kiswahili na Kiingereza, na wazee wanatikisa vichwa kwa adabu, wanakwenda zao. Sheikh Al-Amin angekuwa hapa, naamini, angejifunza Kisamburu na Kiturkana kabla ya kuandika mstari mmoja.

Nne, msichana aliyezaa arudi darasani. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unampa ruhusa hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kumshika mtoto mchanga na mwalimu asiyemcheka.

Tano, alama za mtihani zisiwe kaburi. Aliyepata alama ya chini apate chuo cha ufundi kilicho karibu, ajifunze dawa za mifugo, umeme wa jua, ushonaji, ufundi wa pikipiki. Kijana akirudi manyatta akijua kutibu ngamia, baba yake hatauliza tena shule ina faida gani.

Mipaka ya Sheikh, na yetu

Sitaki kumfanya Sheikh malaika. Aliandikia watu wa mji waliokwisha jua kusoma herufi za chuoni. Watu wa mashamba na wafugaji wa bara hawakuwa katika macho yake, na hilo si ajabu kwa mtu wa zama zake. Tena aliamini sana nguvu ya hoja. Aliamini mtu akielezwa vizuri atabadilika. Mimi nimeona wazazi walioelezwa vizuri, wakakubali kwa moyo, na bado wakamwondoa mtoto shuleni kwa sababu hakuna maji. Hoja haitoshi pale tumbo linapokuwa tupu. Karatasi yake ya Kiswahili ingehitaji kufuatana na gunia la mahindi.

Lakini kwa nini nimeyaandika haya kwa msomaji wa Pwani? Kwa sababu naona tunaanza kuwacheka watu wa kaskazini kwa ugonjwa ambao ni wetu pia. Nenda Ganze, nenda Kinango, nenda vijiji vya Tana River. Hesabu vijana wa bodaboda ambao wangekuwa darasani. Hesabu wasichana walioacha shule kwa mimba. Nenda hata Mji wa Kale, penye baraza zilezile alizopita Sheikh, utazame vijana waliokunja mashavu kwa miraa saa nne za asubuhi. Karibu miaka 100 imepita tangu Sahifa ya kwanza, na bado harusi ya siku tatu inapata pesa haraka kuliko karo ya muhula mmoja.

Na sasa barabara na mipango ya LAPSSET inaunganisha Lamu na Isiolo kwenye ramani moja. Kazi zitakazoletwa na bandari na barabara hazitauliza mtu ametoka baharini au jangwani. Zitauliza amemaliza shule au hakumaliza. Mtoto wa Oldonyiro na mtoto wa Faza watasimama kwenye foleni moja, na wote wawili watarudishwa kama hawana cheti.

Basi kila mmoja wetu aanze na aliye karibu naye. Katika ukoo wako yuko mtoto mmoja ambaye muhula huu anayumba. Pengine ni yatima, pengine amefeli, pengine amezaa, pengine ana aibu ya sare iliyochanika. Sheikh Suleiman hakumsomesha kila yatima wa Mombasa. Alimsomesha mmoja aliyekuwa nyumbani kwake.